Dawa ya Kupe na Kipimo Chake

Historia tunayoifundisha darasani ni historia ya watu wakubwa na mambo makubwa: tawala, vita, mikataba, maandamano. Nimeifundisha hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini na siikani. Lakini kadiri umri unavyosogea, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba vitu vidogo navyo vina historia yake, na pengine historia hiyo inamgusa mwananchi wa kawaida kuliko Mkutano wa Berlin. Kupe ni mmojawapo wa vitu hivyo, na kiroboto ni mwenzake. Viumbe hawa wawili wamewafilisi wafugaji, wameleta maradhi majumbani, na wamemlazimisha binadamu kubuni sumu baada ya sumu.

Katika makala haya nitasimulia habari za sumu hizo, tangu unga wa maua hadi tone linalowekwa shingoni mwa mbwa wa mjini. Naamini historia hiyo inatufundisha jambo moja, nalo ni kwamba hakuna dawa ya kupe iliyo salama yenyewe kwa yenyewe, wala inayofaa yenyewe kwa yenyewe. Usalama wake na nguvu yake hutegemea mkono wa yule anayeipima.

Nianze na ua. Sisi tuliokulia Nyanda za Juu Kusini tulichuma pareto tukiwa watoto. Ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, linalochumwa kichwa kimoja kimoja na kuanikwa mpaka likauke. Asili yake ni Dalmatia, katika pwani ya bahari ya Adriatiki, na katika karne ya 19 unga wake uliuzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya viroboto, chawa na kunguni. Kenya ilianza kulilima mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika ikafuata katika miaka ya 1930. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa, ikawa upande wa maadui, na majeshi ya Waingereza na Wamarekani yakaelekeza macho kwenye mashamba ya Afrika Mashariki. Hivyo ua tulilochuma kwa senti chache lilikuwa na habari ndefu kuliko tulivyodhani.

Mama yangu hakuyajua hayo yote. Alijua tu kwamba maua machache yaliyokauka, yakitwangwa na kunyunyizwa mahali anapolala mbwa, huwafukuza viroboto kwa siku kadhaa. Baada ya hapo hana budi kurudia, kwa kuwa jua huivunja nguvu ya pareto upesi sana. Wataalamu waliuona huo kuwa upungufu mkubwa wa dawa hiyo. Mimi leo nauona pia kuwa ni faida, maana dawa isiyokaa ardhini haimngojei mtoto wala kuku wa kesho.

Kwa kupe, hata hivyo, unga wa maua haukutosha, na kupe ndiye aliyekuwa na kesi kubwa zaidi. Mwaka 1893 Theobald Smith na mwenzake Kilborne, huko Marekani, walionyesha kwamba homa iliyokuwa ikiua ng'ombe wa Texas ilienezwa na kupe. Jambo hilo lilikuwa geni, kwamba mdudu anayenyonya damu anaweza kubeba ugonjwa kutoka mnyama hata mnyama. Miaka michache baadaye zamu ikawa yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki na kushushwa Beira walipeleka kusini ugonjwa ambao hata leo Waingereza wanauita homa ya pwani ya mashariki. Sisi tunauita ndigana kali. Uliteketeza mifugo ya Rhodesia na Afrika Kusini. Robert Koch, bingwa wa vijidudu aliyekuwa amefanya kazi Dar es Salaam kabla ya hapo, aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kuuchunguza. Wengine waliofanya kazi kusini, Arnold Theiler na Charles Lounsbury, ndio waliobainisha kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na kwamba mwenye kuueneza ni kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni.

Adui akishajulikana, silaha hutafutwa. Silaha ya kwanza ilikuwa aseniki. Waaustralia walikwisha anza kuogesha ng'ombe katika maji yenye sumu hiyo miaka ya 1890, na mwaka 1902 mkulima Joseph Baynes alijenga josho katika shamba lake la Nels Rust, Natal. Kutoka huko majosho yakaenea kusini na mashariki mwa Afrika. Handaki la saruji lilijazwa maji na dawa, ng'ombe akaruka upande mmoja, akaogelea, akatokea upande wa pili akitiririka. Afrika Kusini ilifanikiwa kuufuta kabisa ugonjwa huo kufikia miaka ya 1950, kwa kuogesha mara kwa mara, kuzuia mifugo isihamehame, na kuchinja wale wenye ugonjwa.

Lakini fikiri, msomaji, aseniki ni nini. Ni sumu ile ile ambayo katika hadithi za Wazungu watu huwawekea ndugu zao kwenye chai ili warithi mali. Kati ya kiasi kinachomwua kupe na kiasi kinachomwunguza au kumwua ng'ombe, nafasi ilikuwa nyembamba mno. Dawa ikiwa haba, kupe walidunda. Ikizidi, ngozi ilibabuka. Ndiyo sababu ng'ombe walitakiwa kunyweshwa maji kabla ya kufika joshoni, wasije wakayanywa ya humo kwa kiu. Aidha sumu hiyo haiozi. Katika jimbo la New South Wales, Australia, kuna maeneo zaidi ya 1,500 yaliyokuwa majosho, na udongo wa mengi ya hayo bado una aseniki, au DDT iliyokuja baadaye, miongo mingi baada ya ng'ombe wa mwisho kupita.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 habari mbaya zikaanza kusikika huko Australia na Afrika Kusini, kwamba kupe wa buluu hafi tena kwa aseniki. Kwa bahati, au ndivyo ilivyodhaniwa, mwaka 1939 Mswisi Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Baada ya vita DDT na jamaa zake zikaingia majoshoni. Haikupita miaka mingi kupe wakazizoea nazo. Ikaja toksafini, ambayo hapa kwetu ilitumika sana. Zikaja dawa za fosforasi. Ikaja amitrazi katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini, ambayo ni kama mjukuu wa pareto yetu: muundo wake umeigwa kwenye ua, ila huyu hafi juani. Kila dawa ilipokuja ilipokewa kama ndiyo ya mwisho. Nyingine baadaye zilihukumiwa. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka toksafini miongoni mwa kemikali za kukomeshwa duniani, na DDT ikaachiwa nafasi finyu tu ya kupambana na mbu wa malaria na wadudu wengine waenezao maradhi.

Kwa nini kupe huzoea? Niliwaeleza wanachuo wangu hivi. Chukua kupe elfu moja. Miongoni mwao wapo wawili watatu ambao kwa maumbile yao wanastahimili dawa kidogo kuliko wenzao. Dawa ikiwa kali ipasavyo, karibu wote hufa. Dawa ikipunguzwa kwa ubahili au kwa kubahatisha, hao wastahimilivu hubaki, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Baada ya vizazi kadhaa, kijiji kizima kimejaa watoto wao. Kwa hiyo anayechanganya dawa hafifu haokoi fedha. Anachofanya hasa ni kufuga kupe wa aina mpya.

Mtu aliyesimama kati ya sumu na mfugo alikuwa mtunza josho. Namkumbuka wa kwetu, miaka michache baada ya Uhuru. Hakuwa na elimu kubwa. Alikuwa na fimbo yenye alama ya kupimia kina cha maji, daftari la kuandikia idadi ya ng'ombe, na chupa ndogo za sampuli zilizopelekwa maabara ili nguvu ya dawa ipimwe. Mvua ikinyesha na maji kuongezeka, alipima tena. Wazee walimkasirikia kwa kuwarudisha na ng'ombe wao siku ambazo hakuridhika na vipimo, naye hakujibizana nao. Alifunga geti akakaa kwenye jiwe. Mimi nilimwona mtu mkali tu. Nilipokuja kuwa mwalimu ndipo nilipotambua kwamba fimbo ile na daftari lile ndivyo vilivyokuwa dawa hasa, na yale yaliyokuwamo kwenye handaki yalikuwa sumu tu.

Chuoni, baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, tulikuwa na ng'ombe na bustani kama vyuo vingine. Hesabu ya dawa ya kuogeshea nikaifanya somo. Dawa inachanganywa sehemu 1 kwa sehemu 500 za maji. Pipa lina lita 200. Weka dawa kiasi gani? Jibu ni millilita 400. Kila mwaka hakukosekana mwanachuo aliyeandika lita 4. Sikumwekea alama ya mkasi. Nilimwuliza mbele ya wenzake, “Mwalimu, ng'ombe wako amepona au amekufa?” Darasa lilicheka, lakini hakuna aliyesahau nukta ya desimali tena. Walimu wale walikwenda vijijini, ambako mara nyingi mwalimu ndiye pekee anayeombwa kusoma maandishi madogo kwenye kopo la dawa.

Majosho nayo yalikuwa na udhaifu wake, na jirani zetu wa Zimbabwe waliuonja. Wakati wa vita vya ukombozi vya miaka ya 1970, uogeshaji ulivurugika katika sehemu kubwa ya nchi ile, na inakadiriwa kwamba ng'ombe wapatao milioni moja walikufa kwa magonjwa ya kupe. Walikuwa wamezoeshwa kinga ya dawa kwa miaka mingi, miili yao haikuwahi kujifunza kupigana. Hapa kwetu hapakuwa na vita, lakini kati ya miaka ya 1980 na 1990, serikali ilipojitoa katika gharama za dawa, majosho mengi yalibaki makavu, popo wakahamia kwenye mapaa yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali imerudi kuyakarabati na kutoa dawa ya ruzuku, jambo la kupongezwa. Lakini katika ile miaka ya katikati sumu ilitoka kwenye josho la wote ikaingia kwenye chupa ya kila mtu. Bomba la mgongoni likachukua nafasi ya handaki, na kukisia kukachukua nafasi ya daftari. Magharibi mwa Uganda, katika miaka ya 2010, wafugaji walijikuta na kupe wasiosikia dawa karibu zote zilizoko madukani, na baadhi yao kwa kukata tamaa wakawanyunyizia ng'ombe dawa za mimea ya shambani.

Chupa hiyo hiyo ndiyo iliyoingia mijini, kwa mbwa na paka. Katika nchi tajiri wanyama wa nyumbani wana dawa zao zenye historia yake. Mwaka 1964 ilitoka kola ya viroboto yenye sumu ya kundi la fosforasi, ikivukiza polepole shingoni mwa mnyama na puani mwa mtoto anayemkumbatia. Miaka ya 1990 yakaja matone ya shingoni, fiproni na imidaklopridi, yanayotandaa juu ya ngozi kwa wiki kadhaa. Kuanzia mwaka 2014 vimeenea vidonge vya kutafuna, kimoja kwa mwezi na kingine kwa wiki 12, ambavyo huua kupe na kiroboto pale wanapoonja damu. Vinafanya kazi vizuri. Hata hivyo, Septemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatahadharisha wenye mbwa na paka kwamba baadhi ya wanyama, ingawa ni wachache, hutetemeka au kupata degedege baada ya kupewa dawa za kundi hilo. Haikuzipiga marufuku. Ilitaka mnyama aliyewahi kuwa na kifafa aangaliwe kwanza na daktari. Huo ndio uungwana wa dawa njema, kutaja madhara yake kabla hayajatokea.

Na hapa ndipo ninapotaka kusisitiza kuliko pengine pote. Dawa inayomfaa mnyama mmoja inaweza kumwua mwingine. Permethrini mbwa huistahimili. Paka haiwezi, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Tone lililopimwa kwa ajili ya mbwa mkubwa likiwekwa kwa paka, hutetemeka, hupata degedege, na asipowahiwa hufa. Hata kumlalia mbwa aliyepakwa dawa ambayo haijakauka ni hatari kwake. Amitrazi nayo si ya paka. Fiproni si ya sungura. Ivamektini, ambayo waliogundua asili yake walipata Nobel mwaka 2015, huwaumiza vibaya mbwa wengi wa jamii ya Collie wakipewa kwa wingi. Anayesema “dawa ya kupe ni dawa ya kupe” hajui anachokisema.

Miaka michache iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja kwangu asubuhi akiwa amebeba paka kwenye kanga. Paka alikuwa akitetemeka mwili mzima, udende ukimtoka.

“Mwalimu, huyu tangu alfajiri yuko hivi.”

“Mama, umempa nini?”

Alikuwa amempaka dawa aliyouziwa katika duka moja la pembejeo, imemiminwa kwenye chupa ya soda. Chupa haikuwa na karatasi, wala jina, wala kipimo. Muuzaji alimwambia aweke “kifuniko kimoja” kwenye maji ya kopo. Kifuniko cha nini, kwa mnyama wa uzito gani, hakumwambia. Tulimwosha paka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tukamfunga taulo, kijana akakimbizwa kumwita daktari wa mifugo. Daktari alipofika swali lake la kwanza lilikuwa dawa yenyewe ni ipi, maana tiba ya sumu moja si tiba ya nyingine. Tukampa chupa ya soda. Paka alikufa kabla ya adhuhuri. Mama yule hakulia kwa ajili ya paka tu. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa amelala na paka huyo usiku kucha, na mchana wote tulikuwa tukimwangalia mtoto kila baada ya dakika chache. Mungu alisaidia, hakudhurika.

Tena kifo kile kingeweza kuwa bure kabisa, maana viroboto wakubwa tunaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo tu ya jeshi lao, pengine mmoja katika ishirini. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na mabuu yaliyomo kwenye mkeka, kwenye nyufa za sakafu na mahali mnyama anapolala, na buu lililojifungia laweza kungoja kwa miezi. Anayemmwagia mnyama sumu maradufu na kuacha sakafu bila kufagiwa, anapigana na askari mmoja huku akilisha kambi. Kupe wa mbwa naye hujificha kwenye ufa wa banda. Ufagio, maji ya moto na jua juu ya matandiko ni dawa zisizohitaji kipimo. Viroboto si jambo la kudharau; tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini ilibebwa na viroboto wa panya. Wataalamu wa afya husisitiza kwamba panya wasiuliwe kabla ya viroboto wao, kwa sababu panya akifa, kiroboto hutafuta mwenyeji mwingine, na mwenyeji wa karibu ni mtu.

Sisemi watu waache kutumia dawa. Mbwa asiyetibiwa kupe huugua homa, hupungukiwa damu na kufa, na ng'ombe wa ndigana kali hangoji falsafa. Ninachosema ni kwamba yule mtunza josho tuliyempoteza, sasa kila mmoja wetu lazima awe yeye. Kabla hujampaka mnyama chochote, uliza mambo manne: Dawa hii jina lake nani? Imetengenezwa kwa mnyama gani? Mnyama wangu ana uzito na umri gani? Kipimo chake ni kiasi gani, na lini kirudiwe? Muuzaji akishindwa hata moja kati ya hayo, mrudishie dawa yake. Ukishaitumia, andika tarehe. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha maisha yote ya mbwa.

Aseniki ilisifiwa, ikapita. DDT ilipewa tuzo, ikapita. Toksafini ilijaza majosho yetu, nayo imepita. Vidonge vinavyosifiwa leo vitapita pia, maana kupe na kiroboto hawajaacha kuzaa. Katika miaka zaidi ya mia moja na thelathini ya vita hii, kitu kimoja tu hakijawahi kupitwa na wakati, nacho ni uaminifu wa mtu anayesoma maandishi, anayepima, na anayekubali kufunga geti pale vipimo vinapokataa.